Ahadi ya Muuzaji na Mkono wa Mnunuzi

Mwanadamu hakuumbwa aridhike na kitu kama alivyokikuta. Akipewa jembe, huukata mpini mpaka ulingane na kimo chake. Akinunua shati, hulipeleka kwa mshonaji likapunguzwe mikono. Akipanga nyumba, hatalala humo siku tatu kabla hajapigilia msumari ukutani apate mahali pa kutundika picha. Tabia hii si ya kulaumiwa, kwa kuwa pasipo hiyo tungekuwa tungali tukikaa mapangoni. Walakini kitu kinapouzwa pamoja na ahadi, swali jipya huzaliwa. Muuzaji ameahidi kukitengeneza kikiharibika; mnunuzi amekigeuza kwa mkono wake; kisha kimeharibika. Ni nani wa kulipa? Nitalitazama swali hili katika habari ya motokaa, kwa sababu katika vyombo vyote vya siku hizi sijui hata kimoja kinachopendwa, kinachogeuzwa na kugombaniwa kama motokaa.

Wapenzi wa motokaa ni kabila lisilo na nchi wala lugha. Mimi ni mwalimu, na kazi yangu ni kalamu na chaki. Lakini Jumamosi alasiri, madaftari ya wanafunzi yakisha kusahihishwa, hupenda kwenda mahali ambapo wapenzi hao hukutana. Mmoja afunguapo boneti ya gari lake, vichwa kumi na viwili huinama pamoja kama vya watu wanaochungulia kisima. Hapo cheo hakina nguvu. Nimemwona daktari wa hospitali akimwomba shauri kijana mwenye mafuta machafu mpaka viwikoni, na kijana akajibu kwa upole kama mwalimu amjibuvyo mtoto wa darasa la kwanza. Mmoja ameshusha gari lake mpaka tumbo lakaribia kugusa lami. Wa pili ameliinua lake apate kupita katika matope. Wa tatu amebadilisha bomba la moshi ili mngurumo wake usikike kabla gari lenyewe halijaonekana. Kila mmoja hueleza alichokifanya, na wenziwe humsifu au humcheka. Elimu nyingi hupatikana hapo, tena bila karo.

Desturi hii si ya jana. Katika jimbo la California, nchini Marekani, vijana wa miaka ya 1930 walinunua magari makuukuu ya Ford, wakayang'oa mabawa na paa ili yapungue uzito, wakazichokora injini ili ziongeze nguvu, kisha wakaenda kushindana katika maziwa yaliyokauka jangwani, kama vile Muroc. Mwaka 1937 vyama vyao vya kusini mwa jimbo hilo viliungana viweke kanuni za mashindano, na mwaka 1951 kikaanzishwa chama cha taifa zima. Hapa Kenya mapenzi ya namna hii yalikuzwa na mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953. Joginder Singh, aliyeanza maisha kwa kazi ya ufundi wa magari, alishinda mwaka 1965 kwa gari la Volvo ambalo halikuwa jipya, akashinda tena mwaka 1974 na mwaka 1976. Mashindano hayo yaliporudi katika daraja ya ubingwa wa dunia mwaka 2021, barabara ya Naivasha ilijaa vijana wenye magari yaliyogeuzwa kwa namna zisizohesabika.

Vijana wale wa California hawakugombana na kiwanda juu ya injini walizozichokora, kwa kuwa magari yao yalikuwa yamezeeka. Gari lililozeeka halina mdhamini. Likivunjika, hasara ni ya mwenyewe. Hali ya wengi wetu Kenya ni kama hiyo. Magari mengi yanayopita katika barabara zetu yaliletwa kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika huko, na sheria yetu hairuhusu kuletwa gari la aina hiyo likiwa limepita umri wa miaka minane. Anunuaye gari kama hilo kwa kawaida hapati ahadi ya kiwanda. Anapata ahadi ya mwuza magari tu, ikiwa ameipata. Ugomvi ninaousema huwapata hasa wale wanaonunua gari jipya, likiwa na karatasi ya dhamana, ile ambayo mafundi wetu huiita waranti.

Dhamana ni nini? Ni ahadi ya mwenye kiwanda kwamba kifaa kikiharibika kwa ubaya wa madini yake au kwa uzembe wa waliokiunga, atakitengeneza au atakibadilisha bila malipo. Ahadi hii ina mpaka wa muda na mpaka wa safari. Mathalani, dhamana ya miaka mitatu au kilometa 100,000 hukoma mpaka mmoja wapo ukifikiwa, hata kama wa pili ungali mbali. Tena haikamati kila kitu. Tairi linaloisha kwa kutembea na breki zinazolika kwa kusimama haziitwi ubovu, bali uchakavu. Na gari lililogonga mti haliwezi kumdai aliyeliunda. Mpaka hapo watu wengi hawabishani. Mabishano huanza mnunuzi atiapo mkono wake.

Nitatoa mfano wa jambo lililotokea katika ukoo wetu. Kaka yangu mkubwa hufanya biashara ya viazi kutoka Nyandarua. Kwa miaka mingi alikodi magari ya watu, na faida ikaishia katika mifuko yao. Mwishowe alikopa benki, akanunua gari dogo la mizigo, jipya kabisa, lenye harufu ya kiwandani. Barabara za kule ni za udongo mweusi, na mvua ikinyesha hugeuka uji. Basi kabla mwezi wa pili haujaisha alimwita fundi, akaongeza majani mawili katika springi za nyuma na kutia magurudumu makubwa kuliko yale ya asili. Gari likapita palipokuwa hapapitiki, na magunia yakaongezeka. Wenziwe sokoni walilisifu sana. Na mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Katika mwezi wa kumi na moja yalimfika mambo mawili katika juma moja. Kwanza pampu ya maji ilianza kuvuja, injini ikapata moto. Siku nne baadaye, akipanda kilima na mzigo, ekseli ya nyuma ilikatika. Alilivuta gari mpaka kwa kampuni iliyomwuzia. Karani alilizunguka mara moja, akazitazama springi, akayatazama magurudumu, kisha akaandika maneno machache: gari limegeuzwa, dhamana imekufa. Hakufungua boneti. Ndugu yangu alirudi na karatasi ile mkononi, na benki ilikuwa ikingoja malipo yake mwisho wa mwezi kama kawaida, kwa maana benki haiulizi habari za ekseli.

Habari ilipofika kwa wapenzi wa motokaa, mashauri yalimiminika. Wengi walimhurumia kwa dhati, na wawili wakajitolea kumsaidia kwa kazi ya mikono bila ujira. Lakini mmoja alisema, "Ng'oa springi usiku, rudisha magurudumu ya zamani, kisha upeleke gari kwa tawi lao la mji mwingine. Hawatajua." Ndugu yangu alinigeukia, akauliza, "Wewe mwalimu wasemaje?" Nilimjibu kuwa sipendi shauri lile, na kabla sijamaliza kueleza, fundi mmoja mzee alinisaidia. "Chuma kina ulimi," alisema. "Springi ikibeba kupita kiasi huacha alama katika fremu. Bolti iliyofunguliwa hujulikana kwa rangi yake. Na haya magari mapya yana kompyuta ndani ya injini. Ukibadilisha maagizo yake ili upate nguvu, kisha ukayarudisha, zipo zinazoweka hesabu kwamba ziliandikwa upya. Utamficha karani, hutalificha gari."

Maneno ya mzee yalikuwa ya kweli, lakini kwangu mimi hayakuwa sababu kubwa. Njia ya mwongo ni fupi, na hata ingekuwa ndefu isingefaa kupitwa. Ndugu yangu alikuwa na madai mawili, moja la haki na moja la shaka. Kama angeficha springi ili apate ekseli asiyostahili, angekuwa ameuza kwa bei rahisi sauti ya kudai pampu aliyoistahili. Adaiye haki na huku ameficha jambo hudai kwa hofu, na hofu husikika katika sauti.

Siku zile nilikumbuka somo tulilopewa katika chuo cha ualimu. Mkufunzi wetu alituuliza: ukiingia darasani ukakuta kioo cha dirisha kimevunjika, utafanya nini? Wengi tulijibu kwamba tutaliadhibu darasa zima mpaka mkosaji ajitokeze. Akatuambia kuwa jibu hilo ni rahisi kwa mwalimu, lakini ni dhuluma kwa watoto thelathini na tisa. Kazi ya mwalimu, alisema, ni kuuliza jiwe lilitoka wapi. Basi nikaona kwamba karani yule ameliadhibu darasa zima. Springi nzito na gurudumu kubwa huongeza kazi ya ekseli: mzigo huzidi, na gurudumu likiwa pana zaidi nguvu ya kulizungusha huwa kubwa zaidi. Mtu akisema ekseli ilikatika kwa sababu hizo, amesema neno lenye maana. Lakini pampu ya maji huzungushwa na injini, mbele, mbali na springi za nyuma. Je, springi ilitembea usiku ikaenda kuiuma pampu?

Kumbe swali hili lilikwisha kuwasumbua watu wa mbali kabla yetu, tena mpaka wakalitungia sheria. Tarehe 4 Januari, mwaka 1975, Rais Gerald Ford wa Marekani alitia sahihi sheria ya dhamana inayoitwa kwa majina ya waliyoisimamia katika bunge lao, Warren Magnuson na John Moss. Sheria hiyo haimlazimishi mtu kutoa dhamana ya maandishi; lakini akiitoa, yampasa aseme masharti yake kwa maneno yanayoeleweka. Tena yamkataza kumfunga mnunuzi kwa sharti la kutumia vifaa vya jina fulani au fundi wa duka fulani, isipokuwa vitu hivyo anavitoa bure au amepata ruhusa maalumu ya serikali. Maana yake kwa wapenzi wa motokaa ni hii: kutia kifaa cha kiwanda kingine hakuui dhamana yote kwa pigo moja. Mwenye kiwanda anaweza kukataa ubovu ule uliosababishwa na kifaa hicho, lakini ni juu yake kuonyesha kwamba ndicho kilichousababisha.

Sheria kuandikwa ni jambo moja, na kutiiwa ni jambo la pili. Mwezi wa Aprili mwaka 2018, miaka 43 baada ya sahihi ile, Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilizipelekea kampuni sita barua za onyo kwa sababu ya kuwaambia wanunuzi maneno yaliyopingana na sheria hiyo. Na mwaka 2022 tume hiyo iliishtaki kampuni ya pikipiki ya Harley-Davidson juu ya masharti ya dhamana yake yaliyohusu vifaa na mafundi wa nje, na ikaiamuru iwaeleze wanunuzi wazi kwamba dhamana haifi kwa kutumia fundi au kifaa cha nje. Ikiwa katika nchi yenye sheria ya miaka mingi kampuni kubwa huhitaji kukumbushwa, tusistaajabu karani wa kwetu akikosea.

Lakini msomaji asidhani kwamba mnunuzi huwa na haki daima. Mwaka 2008 kampuni ya Nissan ilianza kuuza Marekani motokaa yake yenye mbio iitwayo GT-R. Motokaa hiyo iliweza kuruka kutoka mahali iliposimama kama mshale, lakini dereva aliyetaka hivyo alizima kwanza chombo kinacholilinda gari lisiteleze. Kitabu cha gari kilionya kwamba madhara yanayotokea chombo hicho kikiwa kimezimwa hayamo katika dhamana. Wapo walioruka, wakavunja giaboksi, wakaambiwa walipe wenyewe. Ugomvi ukafika mahakamani. Wenye magari walisema: kwa nini mliweka swichi kama hamtaki tuiguse? Kampuni ilisema: tuliandika, nanyi mnajua kusoma. Baadaye kampuni ilibadilisha programu ya gari ili kuruka kwenyewe kusiwe kwa ukali kama mwanzo. Mimi huona kwamba kila upande ulishika kipande cha ukweli. Aliyeweka swichi alipaswa kujua kwamba vijana wataibonyeza, na aliyeonywa kwa maandishi hawezi kusema hakuonywa.

Turudi kwa ndugu yangu. Tuliandika barua, tukaeleza kila kitu: siku springi zilipoongezwa, jina la fundi, ukubwa wa magurudumu, hata uzito wa magunia. Tuliambatanisha risiti. Tulitaja kwamba Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 46, humpa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili, na haki ya kufidiwa hasara itokanayo na kasoro yake, na kwamba tangu mwaka 2012 tunayo sheria ya kuwalinda wanunuzi. Hatukutukana wala hatukutisha. Tuliomba jambo moja tu, kwamba mhandisi afungue boneti.

Baada ya majuma matatu mhandisi aliifungua. Akakuta mpira wa kuzuia maji ndani ya pampu umepasuka, wala hakuona uhusiano wowote baina yake na springi. Kampuni ikabadilisha pampu bila kutoza hata senti. Ekseli waliikataa, mhandisi alituonyesha mahali ilipokatikia, akaeleza habari ya mzigo na gurudumu, na maelezo yake yaliingia akilini. Ndugu yangu alilipa ekseli kwa fedha zake. Alinung'unika njia nzima ya kurudi nyumbani, maana fedha zile zilikuwa zimewekwa kwa mbegu. Lakini hakusema ameonewa. Baina ya kulipa kwa uchungu na kulipa kwa kuonewa kuna tofauti kubwa, ingawa kiasi cha fedha ni kile kile.

Katika mambo haya naona mafunzo kwa pande tatu. Muuzaji na ajue kwamba ahadi ni deni, na deni halifutwi kwa kutazama magurudumu tu. Ikiwa anataka kukataa, aseme ni kitu gani kilichosababisha ubovu, na aonyeshe njia kilivyousababisha. Neno "limegeuzwa" si sababu. Ni mwanzo tu wa kutafuta sababu.

Mnunuzi naye asome karatasi kabla ya kushika spana. Watu wengi huisoma dhamana siku gari lilipovunjika, kama mtu asomaye ramani akiwa amekwisha kupotea. Akitaka kugeuza jambo, aulize kwanza, tena kwa maandishi, atunze risiti, achague fundi anayekubali kuweka sahihi juu ya kazi yake. Akisha kugeuza, akubali kwamba sehemu ya udhamini imehama kutoka kiwandani ikaja mkononi mwake. Ametaka kuwa muundaji, na muundaji hujibu kwa kazi yake.

Upande wa tatu ni sisi wapenzi wa motokaa tunaoshauri. Ni rahisi kusema "ongeza springi" au "badilisha kompyuta" kwa mtu ambaye mkopo wake hatuulipi. Makutano yetu yana faida kubwa: humtoa mtu katika ujinga, humpa marafiki, humwokoa na mafundi wadanganyifu. Lakini mshauri mwema husema na gharama. Anayekusifu kwa mngurumo wa gari lako hatakuwapo mwisho wa mwezi, na anayekufundisha kuficha leo atakucheka kesho utakapokamatwa.

Nanyi wasomaji vijana, huenda wengi wenu hamjamiliki motokaa, na labda wengine hamtaimiliki. Lakini mtatoa ahadi na mtapewa ahadi, mtageuza vitu na kazi za watu, na siku moja kitu kitavunjika baina yenu na mtu mwingine. Siku hiyo msiulize kwanza nani ana nguvu, wala nani ana karani. Ulizeni kilichovunja ni nini, na mkono uliokifanya ni wa nani. Sehemu iliyo yenu ibebeni bila kuificha. Sehemu isiyo yenu msikubali kubebeshwa, hata kama anayewabebesha amevaa tai na ana muhuri.